Picha ya Damu Inayorudi

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha giza kwa mkuu wa idara, naye akaniandikia risiti. Miaka yote niliyoubeba ufunguo ule mfukoni, hakuna aliyewahi kuniandikia kitu chochote juu yake. Siku ya kuagana ninyi vijana mliniomba niseme machache, nikajibu kwamba nimechoka, na ilikuwa kweli. Sasa nimepumzika kidogo, si sana, nami nayaandika yale ambayo nisingeweza kuyasema nimesimama na chupa ya limonadi mkononi. Vyeo nitaviacha. Nitaandika juu ya miaka ya hamsini, wakati mji huu kwenye karatasi uliitwa Stanleyville na sisi midomoni tuliuita Kisangani, na juu ya kazi moja ambayo wengi wenu hamkuiona ikifanywa kwa mikono: kupiga picha mishipa ya kichwa, hasa ile inayorudisha damu.

Wazazi wangu walitoka Maniema, upande wa Kasongo, wakafuata kazi mpaka hapa. Mimi nilimaliza shule ya wauguzi nikitegemea kupelekwa maternité, wodi ya wazazi, au kwenye zahanati ya vijijini. Asubuhi ya kwanza nilisimama uani mwa hospitali na wenzangu, majina yakasomwa, na langu likasomwa mwisho: Athanase, radio. Sikujua radio ni nini zaidi ya kile kisanduku kinachoimba. Nilipelekwa kwenye jengo la nyuma, la picha za mionzi, lenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeusi, na mlangoni nikamkuta Papa Bonifasi.

Papa Bonifasi alikuwa mtu wa Banalia, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Alikuwa ameanza kazi ile kabla ya vita. Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni vidole. Ngozi ilikuwa kavu na imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na kucha zimekuwa nyeusi. Hakunisalimu kwa mkono, na nilidhani ni kiburi. Baadaye nilielewa kwamba kushikwa mkono kulimwumiza. Wakati ule hatukuwa na neno la jambo hilo. Tulisema tu kwamba dawa za picha zinakula mikono. Dawa hazikuwa na hatia kubwa. Ni ule mwali wa mashine, aliokuwa akiupima kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele yake kila asubuhi ili aone kama mashine imeamka vizuri. Mavazi ya madini ya risasi ya kujikinga na mwali huo yalikuwa mawili, moja la daktari na moja la sista wa mashine. La tatu lilikuwa limeagizwa Ulaya. Nafikiri bado liko njiani.

Siku hiyo ya kwanza alinifungia ndani ya chumba cha giza pamoja na kaseti tupu, yaani kasha bapa la chuma linalobeba filamu, na filamu moja iliyokwisha kuharibika. Alisema nisitoke mpaka niweze kuiweka na kuitoa bila kuigusa katikati. Nilikaa humo mpaka mchana. Nilipotoka jasho lilikuwa limelowanisha mpaka mkanda. Aliitazama filamu, akahesabu alama za vidole vyangu, akanirudisha ndani.

Mengi ya kazi yetu yalikuwa vifua na mifupa. Adui yetu mkubwa alikuwa joto. Dawa ya kutokezea picha inataka maji ya baridi, na maji ya bomba hapa Kisangani hutoka kama chai iliyosahauliwa mezani. Kila asubuhi mmoja wetu alikwenda kuchukua jiwe la barafu, akalirudisha limefungwa kwenye gunia na maganda ya mpunga, tukaliweka pembeni mwa birika la dawa. Barafu ikichelewa, picha huteleza yote kutoka kwenye filamu kama ngozi ya maziwa. Nimeona mguu uliovunjika ukiyeyuka machoni pangu na kuzama birikani. Mwenye mguu alikuwa bado nje anangoja.

Kazi ya kichwa ilikuja na daktari mpya, ambaye nitamwita Docteur Lambert. Alijifunza Ulaya namna ya kutoboa mshipa mkubwa wa shingoni kwa sindano na kusukuma ndani dawa inayoonekana kwenye picha. Dawa inapanda na damu mpaka kwenye ubongo, inaenea, kisha inarudi kwa mishipa mingine na kushuka moyoni. Safari hiyo yote haizidi muda wa mtu kuvuta pumzi mara tatu. Chini ya kichwa cha mgonjwa tuliweka kasha la mbao alilolitengeneza seremala wa reli kule Lubunga, na ndani yake kaseti tatu zimelaliana. Mimi nilipiga magoti chini ya meza. Daktari alisema “top”, mimi nilianza kuhesabu moyoni. Mbili, nagonga meza, sista anabonyeza, navuta kaseti ya kwanza. Tano, nagonga, navuta ya pili. Nane, ya tatu. Saa ya ukutani nisingeweza kuiona nikiwa pale chini, na daktari hakutaka sauti chumbani, kwa sababu mgonjwa yuko macho na akigeuza kichwa kidogo tu kila kitu kimeharibika. Kwa hiyo Papa Bonifasi alinifundisha kuhesabu kimya. Kwa wiki nyingi alikaa mbele yangu na saa ya daktari mkononi, nami nimefumba macho, mpaka nane yangu na nane ya saa zikawa kitu kimoja.

Docteur Lambert aliipenda kaseti ya kwanza. Humo ndimo mishipa inayopeleka damu huonekana, mizuri, imenyooka, na uvimbe ukiwepo utaiona imesukumwa kando. Ya tatu, ya damu inayorudi, aliitazama kama mtu anavyotazama nyuma ya bahasha. Mimi ndiye niliyeipenda. Nilipenda kuona ule mshipa mkubwa unaopita juu kabisa, chini ya mfupa, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, na midogo ikiuingia kutoka pande zote kama vijito vinavyoingia mto Tshopo. Papa Bonifasi alinicheka. Alisema kila fundi ana ugonjwa wake.

Sasa niwaambie habari ya Mama Veronika.

Aliletwa na bac, ile pantoni ya kuvukia mto, asubuhi moja kutoka Lubunga. Alikuwa amejifungua siku tisa kabla, mtoto mzima, bila shida. Kisha kichwa kikaanza kumwuma, macho yakaona ukungu, na usiku mmoja mkono wake wa kulia ukaanza kuruka wenyewe, ukafuata mwili mzima. Alipofika kwetu mkono ule ulikuwa umelala kando yake kama wa mtu mwingine. Mama yake alibaki uani na kile kichanga. Mume wake, Losala, mtu wa mto kutoka Yanonge aliyepakia mizigo kwenye treni, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Docteur Lambert alifikiri ni jipu ndani ya ubongo, linalotoka kwenye uchafu wa uzazi. Jipu linataka kufunguliwa. Alitaka picha kwanza ili ajue atoboe mfupa mahali gani, na vyombo vya kutobolea vilikuwa tayari vinachemshwa.

Alikuwa mgonjwa wa tatu wa kichwa juma lile, na mimi nilikuwa nimechoka. Silisemi hilo kama udhuru. Daktari akasema top, nikahesabu. Mbili. Tano. Baada ya tano dawa ilifika usoni mwake, na inachoma, kila mtu aliniambia hivyo, kama maji ya moto nyuma ya jicho. Mama Veronika hakugeuza kichwa. Alisema tu, polepole, juu yangu kabisa: “Mama, mbona naungua?” Alisema kama mtoto anayeuliza. Nami nikamsikiliza. Niliporudi kwenye hesabu nilikuta naishika saba, lakini sikujua kama ni saba niliyoiacha au saba niliyoiokota. Nikagonga, nikavuta.

Katika chumba cha giza filamu ya kwanza ilitoka safi. Mishipa yote mahali pake, hakuna kilichosukumwa. Ya pili safi. Ya tatu ilikuwa na michirizi michache tu, na ule mshipa mkubwa wa juu haukuwepo. Docteur Lambert aliibandika mbele ya taa ikiwa bado inadondosha maji, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kumwona akitazama filamu ya tatu. Kisha akaniuliza kwa Kifaransa nilivuta kwenye ngapi.

Kujibu nane kulikuwa rahisi sana. Miaka yote hii nimefikiri jinsi kulivyokuwa rahisi.

“Sijui, Docteur,” nilisema. “Mgonjwa alisema neno, nikapoteza hesabu. Pengine ni nane. Pengine ni sita, ao kumi.”

Nyuma yangu Papa Bonifasi aliacha kusuuza filamu. Daktari hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi, kwamba ndiyo maana aliomba fundi kutoka Ulaya. Akaliandika kosa hilo kwenye jalada langu la kazi. Baada ya hapo akakaa juu ya kiti, akaeleza, nafikiri alikuwa akijieleza mwenyewe, kwamba mambo ni mawili. Kama nilivuta mapema, picha haina maana na jipu huenda lipo. Kama nilivuta sawasawa, basi mshipa mkubwa umezibwa na damu iliyoganda, damu ya ubongo haina pa kutokea, na mtu akifungua kichwa cha namna hiyo mgonjwa atamwaga damu mpaka afe mezani. Na dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mwenye jipu, ni hatari vilevile. Akaagiza vyombo viondolewe motoni. Kesho tutarudia sindano.

Daktari na sista walipotoka, Papa Bonifasi alinigeukia. “Athanase, umewapatia fimbo,” aliniambia. “Sasa kila kitu kitakachoharibika humu ndani, njo wewe.” Alimaanisha kwamba lawama zote sasa zitakuwa zangu. Alikuwa ananipenda, na alisema kweli.

Saa ileile muuguzi wa wodi alikuja kusema kwamba Losala amekwenda ukingoni kutafuta pirogi, yaani mtumbwi. Anataka kumrudisha mke wake nyumbani, amwone mganga wa kwao. Sista alinituma mimi, kwa kuwa yeye lugha yetu ilimshinda, nimwambie kwamba mashine ilikuwa na panne, imekwama, na kesho itakuwa imepona. Nilimkuta chini, karibu na mahali bac inapotia nanga, anaongea na mwenye pirogi. Tulikaa juu ya gogo. Nilikuwa nimeyapanga yale maneno ya mashine njiani kote, na nilipofungua mdomo nikayaacha. Nilimwambia mimi ni nani, nilifanya nini chini ya meza, na kilichonipata kwenye ile saba.

Mwenye pirogi alijifanya kukumba maji yaliyoingia chomboni mwake.

“Donc, wewe njo uliharibu,” alisema Losala mwishowe.

“Pengine niliharibu. Pengine picha iko muzuri na ni ugonjwa njo inaonekana. Sijui, papa. Kwa sababu sijui, wanataka kurudia.”

“Na wakikosa kurudia?”

“Docteur atapasua kichwa bila kujua. Ao hatafanya kitu, na muke wako atazidiwa.”

“Kesho nani atahesabu?”

“Mimi tena. Hakuna mwingine.” Papa Bonifasi aliijua kazi kuliko mimi, lakini vidole vyake havikuweza tena kushika vishikio vya kaseti.

Losala aliuangalia mto. Alikuwa mtu wa kazi, mabega mapana, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniambia kwamba kwenye mabehewa wanahesabu magunia kwa sauti, wote pamoja, kwa sababu mtu anayehesabu peke yake kichwani anaweza kuongopewa na kichwa chake. “Bon,” alisema. “Hesabu kwa sauti. Mimi nitasimama ku mulango. Nikisikia umeruka hata moja, naingia, nabeba muke wangu.”

Nilimpelekea daktari sharti hilo. Sikulipunguza. Docteur Lambert aliuliza kama mtu huyo kweli ataondoka na mgonjwa, nikasema pirogi iko tayari. Akasema, haya, nihesabu kwa sauti.

Asubuhi iliyofuata tuliweka kaseti nne. Kama damu imezibiwa njia, alisema daktari, basi inakwenda polepole, na tuingojee: mbili, sita, kumi, kumi na nne. Kabla hajachukua sindano nilisimama karibu na uso wa Mama Veronika nikamweleza kwamba itachoma tena, kwamba atanisikia nikihesabu, na kwamba nikifika kumi na nne yote yamekwisha. Hakuwa na nguvu ya kujibu. Alifumba macho na kuyafumbua. Nikapiga magoti.

Top. Moja, nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine, kubwa mno katika chumba ambacho kwa miaka miwili hakikuwa kimesikia mtu akihesabu. Mbili, nagonga, navuta. Tatu, nne. Nje ya mlango nilisikia sauti nyingine nzito ikihesabu pamoja nami, chini kwa chini. Sita. Saba. Mama Veronika aliguna, nami nikasema nane, nikasema tisa, sikumsikiliza, na mpaka leo najua ni jambo gumu kiasi gani kutomsikiliza mtu kwa faida yake. Kumi. Kumi na nne. Nilipovuta ya mwisho, sista alinishika bega.

Papa Bonifasi ndiye aliyesafisha filamu zile. Barafu ilikuwa nyingi siku hiyo, alikwenda kuichukua mwenyewe. Tulisimama wote wanne mbele ya taa. Ile ya hesabu ya kumi bado ilionyesha mishipa inayopeleka damu, imechelewa. Ya kumi na nne ilionyesha damu inayorudi, na chini ya mfupa, pale ambapo mshipa mkubwa ungepita, palikuwa patupu kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Kandokando, mishipa midogo nisiyowahi kuiona kwa mtu mwingine ilikuwa imejikunja na kuviringika kama mizizi iliyokutana na jiwe, kila mmoja ukitafuta upande wa kupitia.

“Thrombose,” alisema daktari. Ndiyo damu iliyoganda. Alikwenda mwenyewe kumwambia Losala kwamba hatapasua.

Dawa ya kuyeyusha hofu haipo, lakini ile ya kuzuia damu isigande ilikuwepo, chupa chache, na nyingine zililetwa na ndege kutoka mji mkuu, Léopoldville. Sindano zilichomwa mchana na usiku kwa siku nyingi. Mara mbili ule mkono uliruka tena, na mara ya pili tulifikiri amekwenda. Kisha haukuruka tena. Wiki ya tatu aliomba lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, na mama yake alilia pale uani mbele ya watu wote. Wiki ya tano walivuka kurudi Lubunga. Losala alinipa mkono.

Msidhani mambo yote yalikuwa hivyo. Mwezi uleule tulipiga picha ya mwalimu mmoja kijana, hesabu sawasawa, filamu nzuri kuliko zote, na akafa siku ya pili. Mwaka uliofuata Papa Bonifasi alikatwa vidole viwili, akaendelea kuja kazini na kukaa kwenye kiti cha chumba cha giza, akiniambia kwa kusikia tu sauti ya maji kama nimesuuza vya kutosha. Yale maneno kwenye jalada langu hayakufutwa. Niliyaona miaka mingi baadaye, wino ukiwa bado mzuri. Lakini mgonjwa wa kichwa aliyefuata, Docteur Lambert aliposhika sindano, alinitazama pale chini akasema: “Kwa sauti.” Hatukuzungumza juu yake tena, na sikuwahi kuhesabu kimya tangu siku ile. Baadhi yenu mlinicheka kwa hilo. Mlikuwa na haki, mashine zenu zinahesabu zenyewe.

Baada ya miezi kadhaa Mama Veronika alirudi kuangaliwa. Alitembea vizuri. Mkono wa kulia aliuweka ndani ya kitenge, kwa kuwa haukupata tena nguvu yake yote, na mtoto alimbeba kwa kushoto, mtoto mnene mwenye hasira. Daktari alipomaliza naye, alikuja nyuma kwenye jengo letu, akauliza kama kweli picha ya kichwa chake iko hapa. Nilitafuta bahasha, nikabandika filamu ya kumi na nne mbele ya taa.

Aliitazama kwa muda. Nilimwonyesha paji la uso, kisogo, mahali jicho lilipo. Nilimwonyesha pale palipo patupu, nikamwambia kwamba kwa watu wengine mshipa mkubwa wa kurudisha damu unapita hapo.

“Na mimi sina?”

“Ulizibika, mama. Sijui kama umefunguka. Hatukupiga tena.”

“Alors damu yangu inarudia wapi?”

Nilimwonyesha ile midogo, nikaifuata mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu, kila mahali ulipojikunja na kugeuka. Aliufuata kwa macho mpaka mwisho, pale unaposhukia shingoni. Mtoto alianza kulia, akamhamishia bega lingine kwa kutumia kidevu na ule mkono mzima.

“Basi iko inachoka sana,” alisema.

“Inachoka, mama. Lakini inafika.”

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu wa mbali. Kisha akaniuliza bac ya mchana inaondoka saa ngapi, nikamwambia, akatoka.